MLANGO SI BANDARI: UELEKEZAJI SALAMA WA MILANGO YA MTANDAO KUPITIA UKUTA WA KINGA

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii inamsawiri mgeni kuwa chanzo cha heri nyumbani. Katika mitandao ya tarakilishi, hata hivyo, mwenyeji hujikuta katika hali tofauti. Mgeni mmoja anayetarajiwa huandamana na maelfu wasiojulikana, na wote hubisha mlango uo huo.

Chukulia chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu chochote nchini Kenya. Chama hicho kina tarakilishi moja ofisini ambamo mmehifadhiwa rekodi za fasihi simulizi zilizokusanywa nyanjani kwa miaka kadhaa: ngano, nyimbo za jando, tumbuizo, na mahojiano na wazee ambao baadhi yao wameshafariki. Muhula unapofungwa, wanachama hurejea makwao Lamu, Kakamega, Voi na Garissa, nazo rekodi hubaki zimefungiwa ofisini. Mwanachama mmoja anapopendekeza kwamba "mlango ufunguliwe" katika mtandao ili rekodi zifikiwe kutoka popote, pendekezo lake lina manufaa makubwa na hatari kubwa kwa wakati mmoja. Tarakilishi ikiharibiwa, nyingine hununuliwa. Rekodi ya mzee aliyezikwa haikusanywi upya.

Makala haya yananuia kueleza jinsi milango ya mtandao inavyofanya kazi, maana ya kuielekeza kupitia ukuta wa kinga, na kunga za kufanya hivyo kwa usalama. Hoja kuu ni kwamba mlango ukishaelekezwa, usalama hautegemei tena ukuta bali programu iliyo nyuma ya mlango huo. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wanaisimu na wanafasihi, inafaa kuanza na istilahi, kwani istilahi mbovu huweza kuificha hatari yenyewe.

2.0 Suala la Istilahi

Neno la Kiingereza port lina maana zaidi ya moja. Likimaanisha mahali zinapotia nanga meli, asili yake ni neno la Kilatini portus. Likimaanisha lango au tundu la kupitishia kitu, asili yake ni porta. Maneno haya mawili ya Kilatini yana uhusiano wa kinasaba, lakini istilahi ya tarakilishi inatokana na maana ya lango. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "bandari" kwa maana ya mtandao ameteleza katika tafsiri sisisi. Bandari, neno lililoingia Kiswahili kutoka Kiajemi, hudokeza mahali pa wazi panapokaribisha vyombo vingi kwa pamoja. Mlango hudokeza jambo jingine: una mwenyewe, hufungwa, hubishwa, na nyuma yake kuna mtu anayeamua nani aingie. Makala haya yatatumia neno mlango.

Istilahi ya pili ni firewall, ambayo aghalabu hufasiriwa kuwa "ukuta wa moto". Tafsiri hii humfanya msomaji afikirie ukuta unaowaka na kumuunguza kila adui anayeusogelea. Katika uashi, hata hivyo, neno hilo hurejelea ukuta unaozuia moto usisambae kutoka sehemu moja ya jengo hadi nyingine. Kazi yake ni kuweka mpaka wa madhara. Hauwashambulii wavamizi, wala hauwezi kumzuia yule aliyeruhusiwa kupita. Ndiyo sababu makala haya yanapendelea istilahi ukuta wa kinga.

3.0 Jinsi Mlango Unavyofanya Kazi

Kila tarakilishi iliyo katika mtandao ina anwani. Ndani ya tarakilishi moja huweza kuwa na programu nyingi zinazowasiliana kwa wakati mmoja: moja ikitoa kurasa za tovuti, nyingine ikipokea barua pepe, ya tatu ikihifadhi data. Anwani humfikisha mgeni kwenye nyumba. Nambari ya mlango humfikisha kwenye chumba kinachofaa. Nambari hizo huanzia 0 hadi 65535. Zile za 0 hadi 1023 zimetengewa huduma mashuhuri, za 1024 hadi 49151 husajiliwa kwa programu mbalimbali, na zilizosalia hutumiwa kwa muda na kuachiliwa.

Chini ya itifaki ya TCP, mazungumzo huanza kwa hatua tatu. Mgeni hutuma pakiti ya kubisha, mwenyeji hutuma pakiti ya kukubali, kisha mgeni huthibitisha kwamba ameupata ukubalifu huo. Mzungumzaji wa Kiswahili ataitambua mara moja adabu hiyo: hodi, karibu, nimekaribia. Iwapo hakuna programu inayosikiliza mlangoni, tarakilishi hujibu kwa kukataa. Iwapo ukuta wa kinga umeizuia pakiti, mara nyingi mgeni hapati jibu lolote. Itifaki ya UDP, kwa upande wake, haina maamkizi. Pakiti huingia bila hodi, na jukumu la kumtambua mgeni huachiwa programu yenyewe.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti ni takriban bilioni 4.3 pekee, idadi isiyotosheleza vifaa vya dunia nzima. Kwa sababu hiyo, ofisi na nyumba nyingi hutumia anwani za ndani, kama vile zinazoanza kwa 192.168, huku ruta ikiwa na anwani moja tu ya umma. Tarakilishi ya ndani inapotaka kusoma tovuti, ruta huibadilisha anwani ya ndani kuwa ile ya umma, hukumbuka nani aliyeuliza, na jibu linaporudi hulipeleka kwa mwenyewe. Pakiti inayotoka nje bila kuitwa haina mwenyewe ajulikanaye. Ruta haijui impelekee nani, basi huitupa.

4.0 Maana ya Kuelekeza Mlango

Kuelekeza mlango ni kuiagiza ruta hivi: mgeni yeyote akibisha mlango fulani wa anwani ya umma, apelekwe kwa tarakilishi fulani ya ndani, katika mlango fulani. Kwa mfano, chama kilichotajwa kinaweza kuagiza kwamba anayebisha mlango wa 443 wa anwani 203.0.113.7 (anwani iliyotengewa mifano) apelekwe kwa tarakilishi ya ndani 192.168.1.20, mlango wa 443.

Kazi hii ina sehemu mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni kubadilisha anwani, yaani kuandika upya pakiti ielekee ndani. Sehemu ya pili ni kutoa ruhusa, yaani kuuambia ukuta wa kinga uiache pakiti hiyo ipite. Katika ruta nyingi za nyumbani mambo haya hufanyika kwa kubofya mara moja. Katika mifumo ya Linux huandikwa kama kanuni mbili tofauti. Kanuni ya kwanza ikiwepo bila ya pili, mgeni huelekezwa kisha akazuiwa mlangoni, na msimamizi hushinda mchana kutwa akitafuta kosa pasipo na kosa. Msimamizi aliyekata tamaa huishia kuuzima ukuta mzima ili "mambo yafanye kazi", na hapo ndipo maafa yanapoanzia.

Tofauti hii ina umuhimu mwingine. Wengi hudhani kwamba kubadilishwa kwa anwani ndiko kunakowalinda. Toleo la sita la itifaki ya intaneti lina anwani tele, hivi kwamba kila kifaa chaweza kuwa na anwani yake ya umma. Chini ya toleo hilo hakuna haja ya kubadilisha anwani, na kinachobaki kumlinda mwenyeji ni kanuni za ukuta wa kinga peke yake.

5.0 Milango Mashuhuri na Hulka Zake

Si milango yote inayolingana kwa hatari. Ifuatayo ni baadhi ya ile inayokutwa mara nyingi:

(i) Mlango wa 80 na wa 443. Hii ni milango ya tovuti. Ule wa 80 hupitisha habari bila kuzificha. Wa 443 huzifunga kwa usimbaji. Siku hizi wa 80 hutumiwa hasa kumwelekeza msomaji kwenye ule wa 443. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti vya usimbaji bila malipo, kwa hiyo kisingizio cha gharama kimekwisha.

(ii) Mlango wa 22. Huu ni mlango wa SSH, itifaki ya kuitawala tarakilishi kutoka mbali. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. Aliomba apewe nambari 22 kwa kuwa ilikuwa wazi kati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, itifaki mbili kongwe ambazo hupitisha nywila bila kuzificha.

(iii) Mlango wa 23. Huu wa Telnet haufai kuelekezwa kwa hali yoyote, kwa sababu iliyotajwa hapo juu.

(iv) Mlango wa 53. Huu hutumika kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Seva ya majina inayomjibu kila mtu ulimwenguni huweza kutumiwa na wahalifu kuwafurikisha watu wengine kwa majibu wasiyoyaomba.

(v) Mlango wa 445, wa 3389 na wa 3306. Ule wa kwanza ni wa kugawana faili katika Windows, wa pili ni wa kuiona skrini ya Windows kutoka mbali, na wa tatu ni wa hifadhidata ya MySQL. Huduma hizi hazistahili kukabiliana na intaneti moja kwa moja.

6.0 Uzito wa Hatari

Baadhi ya watu hujipa moyo kwa kusema, "Nani atakayejua kwamba tarakilishi yetu ipo?" Jibu ni kwamba yeyote atajua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walitoa programu iitwayo ZMap, iliyoweza kubisha mlango mmoja katika anwani zote za umma za toleo la nne kwa muda usiozidi dakika 45, kutoka kwa tarakilishi moja yenye muunganisho wa kasi. Mlango unapofunguliwa, haungoji kusikika. Wabishaji hodi wamo njiani tayari.

Historia ya karibuni inatoa mafunzo mawili. La kwanza ni la mwaka 2016, ambapo programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikibisha milango ya Telnet ya kamera na ruta, huku ikijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani. Wamiliki wengi hawakuwa wamezibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa vilivyotekwa lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Funzo la pili ni la Mei 2017. WannaCry iliingia kupitia mlango wa 445 wa Windows, ikasimba faili za watu na kudai fidia. Ilisambaa katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za umma nchini Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kiraka cha kuliziba pengo hilo kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka uo huo, miezi miwili kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika visa vyote viwili, wahalifu hawakubomoa ukuta wowote. Walipita kwenye milango iliyokuwa wazi na kukuta nyuma yake programu dhaifu.

7.0 Kunga za Usalama

7.1 Kukataa kwanza, kuruhusu baadaye

Kanuni ya msingi ya ukuta wa kinga ni kuzuia kila kitu, kisha kuruhusu kile tu ambacho haja yake imethibitika. Anayeanza kwa kuruhusu yote na kuzuia mabaya anayoyajua huachia nafasi mabaya asiyoyajua.

7.2 Kupunguza idadi ya milango

Badala ya kuelekeza milango mitano kwa huduma tano, ni heri kuelekeza mmoja wenye kufuli imara na kuzifikia huduma nyingine kupitia humo. Njia ya SSH huweza kuzibeba huduma nyingine ndani yake. Hali kadhalika mtandao wa faragha, ujulikanao kwa kifupi kama VPN, humfanya aliye mbali awe kama aliyeketi ofisini. Mojawapo ya programu za aina hii ni WireGuard, ambayo aghalabu hutumia mlango wa 51820 wa UDP. Sifa yake ni kwamba haimjibu asiye na ufunguo unaotambulika. Mgeni asiyejulikana hupiga hodi akidhani nyumba ni gofu.

7.3 Kuzitumia funguo badala ya nywila

Pale ambapo SSH inahitajika, inafaa kuzima kuingia kwa nywila na kutumia jozi ya funguo: mmoja wa siri unaokaa kwa mtumiaji, mwingine wa wazi unaowekwa kwenye seva. Nywila hubahatishwa, ufunguo wa aina hii haubahatishiki kwa njia za kawaida. Kuhamisha SSH kutoka mlango wa 22 hadi nambari nyingine hupunguza kelele za wabishaji, lakini si kinga. Aliyehamisha mlango wa mbele hadi ubavuni mwa nyumba hajaufunga.

7.4 Kumwekea mgeni baraza

Nyumba za mawe za Waswahili wa pwani zilijengwa kwa hekima hii. Mgeni wa kawaida hupokewa katika daka, penye baraza. Ndani ni kwa jamaa. Katika mtandao vilevile, tarakilishi inayopokea wageni wa nje haifai kukaa pamoja na tarakilishi zenye alama za mitihani au hesabu za chama. Itengewe sehemu yake, na ukuta wa kinga uizuie isianzishe mazungumzo na sehemu ya ndani. Hata ikitekwa, mvamizi ataishia barazani.

7.5 Kuzuia milango inayojifungua

Ruta nyingi zina huduma iitwayo UPnP, ambayo huviruhusu vifaa vya ndani kuomba milango ielekezwe bila mwenye nyumba kuulizwa. Huduma hii izimwe, kisha orodha ya milango iliyoelekezwa ikaguliwe.

7.6 Kutia viraka na kusoma kumbukumbu

Programu iliyo nyuma ya mlango ndiyo kinga ya mwisho. Isasishwe kila kiraka kinapotoka. Kumbukumbu za seva zisomwe mara kwa mara ili ijulikane nani aliyebisha na nani aliyeingia. Zaidi ya hayo, nakala ya data ihifadhiwe mahali pengine pasipounganishwa na seva hiyo.

7.7 Kujaribu kutoka nje

Jaribio linalofanywa kutoka ndani ya ofisi hudanganya, kwa kuwa ruta nyingine hukataa kumrudisha ndani mtu aliye ndani. Ni bora kutumia rununu iliyo kwenye mtandao wake yenyewe. Mambo mawili yathibitishwe: kwamba mlango uliokusudiwa unafunguka, na kwamba mingine yote imefungwa. Wengi huridhika na jambo la kwanza.

8.0 Utatuzi wa Mfano Uliotolewa

Kwa kuzingatia kunga hizi, chama cha wanafunzi hakina haja ya kuuelekeza mlango wa 445 ili wanachama wafikie folda za rekodi. Kinaweza kuelekeza mlango mmoja tu wa mtandao wa faragha na kumpa kila mwanachama ufunguo wake. Anayehitimu au kupoteza tarakilishi yake hufutiwa ufunguo, na wengine hawasumbuliwi. Rekodi zinazokusudiwa umma, kwa idhini ya waliorekodiwa, ziwekwe kwenye tovuti kupitia mlango wa 443. Hizo nyingine zisalie ndani.

Huenda ikagunduliwa kwamba ofisi haina anwani ya umma, kwa maana baadhi ya watoaji wa huduma za intaneti, hasa za rununu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Katika hali hiyo hakuna uelekezaji utakaofaulu kwenye ruta ya ofisi. Suluhisho ni tarakilishi ya ofisi kuanzisha mawasiliano kuelekea seva ya kukodi yenye anwani ya umma, nao wanachama wakutane nayo huko. Kunga zilizotajwa zitaihusu seva hiyo.

Suala hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi habari za kibinafsi za watu achukue hatua zifaazo za kuzilinda. Sauti ya mzee aliyetajwa kwa jina, akisimulia habari za ukoo wake, ni habari ya kibinafsi. Alimwamini mwanafunzi aliyeketi mbele yake na kinasa sauti. Hakuuamini ulimwengu mzima.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kuelekeza mlango ni kumpa kila aliye kwenye intaneti njia ya kuifikia programu moja iliyo ndani. Ukuta wa kinga huamua ni mlango upi utakaobishwa, lakini haujibu hodi. Anayejibu ni programu, na anayewajibika ni msimamizi aliyeiweka hapo. Kwa hiyo milango iwe michache, wageni watambuliwe kwa funguo, seva itengewe baraza yake, viraka vitiwe kwa wakati, na mlango uliokosa kazi ufungwe siku iyo hiyo.

Aidha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana mchango wa kutoa katika uga huu. Chama kinapojadili "kufungua bandari" nyuma ya "ukuta wa moto", wanachama huweza kupiga kura ya ndiyo wakidhani wamelindwa na miali. Kinapojadili kumwonyesha kila mpita njia mlango wa chumba chenye rekodi za wazee, swali la kwanza litakuwa ni nani mwenye ufunguo. Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya ruta kuguswa.